Kabla ya Kushika Spana: Namna ya Kumtambua Fundi Hodari Kampala

Ukiegesha gari bovu kwenye mitaa ya gereji ya Kampala, iwe Ndeeba, Katwe au pembeni ya soko la spea la Kisekka, utazungukwa kabla hujazima injini. Huyu atasema nozeli, yule pampu, wa tatu ameshaanza kuulizia bei kwa simu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Fundi unayemtaka yumo kwenye mitaa hiyohiyo, lakini pengine amelala chini ya gari la mwingine na miguu tu ndiyo inaonekana. Hizi ndizo alama zake.

Mfano wangu ni Toyota Coaster iliyong'olewa viti na kuwekwa kitanda, friji ndogo, taa na pampu ya maji, yaani gari la kulala safarini. Injini yake ni 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina tabo. Lilikuwa na malalamiko mawili: likipanda mlima linaishiwa nguvu, na asubuhi stata inaguna tu. Gereji ya kwanza ilinifungia betri mbili mpya, ikatengeneza nozeli. Baada ya miezi michache magonjwa yote mawili yalirudi. Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Ndeeba.

Huuliza kabla ya kufungua. Mzee hakugusa kifuniko cha injini. Aliuliza: "Ssebo, nguvu zinapotea likiwa baridi au likishapata moto? Ukikanyaga mafuta, moshi unatoka wa rangi gani?" Kwa dizeli, rangi ya moshi ni nusu ya jibu. Mweusi maana yake mafuta yamezidi hewa, pengine chujio la hewa limejaa vumbi jekundu la barabara za muramu. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni mafuta yasiyoungua, au maji yameingia kwenye silinda. Langu halikutoa moshi wowote. Injini inayokosa nguvu bila moshi, kwa kawaida, ina njaa: mafuta hayafiki.

Aliuliza pia gari limetoka wapi. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu ilizokuwa nazo Mombasa. Ukipita Timboroa nchini Kenya, juu ya mita 2,700, itahema zaidi. Fundi asiyelijua hilo atakutengenezea gari zima kwa kosa la mlima.

Hutenganisha magonjwa. Mimi nilidhani umeme dhaifu ndio unaolegeza injini. Kwenye magari ya kompyuta hilo linawezekana. Pampu ya 1HZ haina kompyuta: injini ikishawaka, inachohitaji kwenye umeme ni ule mdogo unaoishika vali ya kuzima mafuta isifunge. Kwa hiyo ukimwona mtu anatafuta pa kuchomeka mashine ya kusomea hitilafu kwenye injini hii, mshukuru na uondoke. Mzee aliyafanya kuwa kazi mbili, na kila moja akaipa siku yake.

Hupima, na hukuonyesha. Coaster yangu, kama nyingi zilizotoka Japani, ni ya volti 24: betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo. Mzee alipima zote kwa pamoja, mita ikasoma kama 24.8. Wengi wangeishia hapo. Yeye akapima moja moja. Ya kwanza ilisoma 12.9, ya pili 11.9. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu 12.6, ikifika 11.9 imekwisha. Akafuata waya mmoja mwembamba kwa kidole, kutoka kwenye betri ya pili, chini ya zulia, mpaka nyuma ya friji. Aliyenifungia friji na taa, vyote vya volti 12, alikuwa amevichomeka kwenye betri moja tu. Ile ikawa inanyonywa kila usiku, huku alteneta inayochaji zote mbili kama kitu kimoja ikiishindilia mwenzake mpaka maji yake yanachemka. Betri mpya zisingeponya hilo hata ungezinunua kila mwezi. Dawa ilikuwa kuondoa waya huo, kuweka betri ya tatu kwa ajili ya nyumba tu, na kuichaji kupitia kigeuzi cha volti 24 kwenda 12.

Kipimo kingine unaweza kumwomba fundi yeyote. Aweke ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, kisha upige stata. Mita ikizidi nusu volti, umeme unapotelea kwenye waya wa bodi uliooza kutu, na stata inasingiziwa.

Maungio yake hayana aibu. Inua tepu uangalie. Kazi mbaya ni nyaya zilizosokotwa kwa vidole na kuviringishwa plastiki. Kazi nzuri ina vichwa vya shaba vilivyobanwa kwa koleo lake, fyuzi iliyokaa karibu na betri wala si karibu na friji, na pale waya wa bodi unapofungwa, rangi imekwanguliwa mpaka chuma kikang'aa.

Hukurudishia kilichotoka. Chujio la dizeli alilikata kwa msumeno mbele yangu. Karatasi ya ndani ilikuwa nyeusi, na chini kulikuwa na maji. Kisha akaonyesha mpira wa mafuta karibu na tangi, umepasuka ufa mdogo kama unywele. Haukuvuja dizeli hata tone. Ulikuwa unavuta hewa injini inapofyonza kwa nguvu mlimani. Sasa nikaelewa kwa nini gari halikutoa moshi.

Huthibitisha mlimani. Gari likiwa limesimama kila injini ni nzima. Tulitoka Ndeeba tukapanda kuelekea Rubaga, friji inawaka, taa zinawaka, gia ya tatu, na mita imefungwa mahali mimi ninapoweza kuisoma: 28 na kidogo, haikutikisika. Aliyekataa kupanda na wewe kilima hicho hajaiamini kazi yake.

Cheti nacho kina maana. Nchini Uganda hata mafundi waliojifunzia mtaani hupimwa na kupewa hati ya ujuzi, na hati hiyo ni heshima yao. Lakini mimi husoma zaidi karatasi ya malipo. Ya gereji ya kwanza ilikuwa ndefu, spea juu ya spea, na mwisho kabisa mstari mmoja wa ufundi. Ya mzee ilikuwa na chujio, mpira wa nusu mita, klipu mbili, betri moja na kigeuzi. Bei ya kichwa chake aliiandika mstari wa kwanza.