Kubadilisha spika ya redio: kazi iko kwenye kufungua

Redio nyingi hufika kwa fundi zikiwa na ugonjwa mmoja na kurudi nyumbani zikiwa na mitatu. Spika ndiyo iliyokuwa ikikwaruza. Sasa stesheni za AM hazishiki, mshale hautembei na taa ya mbele haiwaki. Watu wengi hudhani hatari iko kwenye kulehemu. Kwa maoni yangu iko kwenye zile dakika chache za kutenganisha ganda la mbele na la nyuma, na pia kwenye uamuzi wa kufungua kabla ya kujua kwa nini unafungua.

Nichukue kazi moja niliyoifuatilia kwenye kibanda cha fundi mjini Morogoro. Redio yenyewe ni ya aina inayojulikana kila mahali: bendi tatu, mpini juu, antena ya kuvuta, spika moja ya sentimita 10, inatumia umeme wa ukutani au betri kubwa. Ilianguka kutoka mezani. Tangu hapo sauti ikawa nyembamba yenye mikwaruzo, na ukiiongeza haipandi, inazidi tu kukwaruza.

"Spika imekufa, fundi, niwekee nyingine," mwenye redio alisema.

"Sawa mama, ila tuisikilize kwanza."

Kusikiliza huko ndiko kulikomtofautisha fundi na mtu mwenye bisibisi. Kwanza aliweka betri mpya, kwa sababu betri zilizochoka huifanya sauti ipasuke kila ukiiongeza, na mtu akaishia kununua spika asiyoihitaji. Mikwaruzo ikabaki. Kisha akachomeka hedifoni. Sauti ikatoka safi kabisa. Kwa jaribio hilo moja alijua kwamba sehemu ya kunasa mawimbi na ya kukuza sauti ni nzima. Ubovu uko kati ya tundu la hedifoni na spika.

Tundu lenyewe ni mtuhumiwa wa kweli. Ndani yake mna kijibati kinachokata njia ya spika pindi pini inapoingia. Kijibati hicho kikishika kutu au vumbi, spika hunyamaza ilhali haina kosa lolote. Ndiyo maana fundi alichomeka na kuchomoa pini mara kadhaa huku akisikiliza kama kuna mabadiliko. Hayakuwepo. Hapo ndipo alipoamua kufungua.

Kabla ya skrubu ya kwanza, waya wa umeme ulitoka ukutani na kwenye redio pia, na betri zote zikatolewa. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Kwenye redio nyingi za aina hii swichi imekaa upande wa pili wa transfoma, kule kwenye volti chache, kwa hiyo maadamu waya umechomekwa ukutani, upande wa kwanza wa transfoma una volti 230 hata kama redio iko kimya. Kidole kikigusa pale, ni shoti ya umeme wa nyumbani ile ile inayoua. Alipomaliza kuchomoa aliwasha swichi na kuiacha hivyo kwa muda, ili chaji iliyobaki kwenye kapasita iishe.

Skrubu ziko nyuma, lakini si zote zinazoonekana. Mbili zilikuwa ndani ya sanduku la betri, moja chini ya mpini. Fundi alichora umbo la redio kwenye kipande cha boksi na kuichomeka kila skrubu mahali ilipotoka. Hili si pambo. Skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi hutoboa ganda au kugonga bodi, na ukiona redio yenye kinundu cha plastiki upande wa mbele, ujue kuna mtu alichanganya skrubu.

Zilipotoka zote, ganda halikuachia. Hapa ndipo redio nyingi zinapovunjika. Mwenye haraka huingiza bisibisi bapa kwenye ufa na kukandamiza. Fundi alisimama, akapitisha kidole juu ya stika ya nyuma, akahisi shimo chini yake. Skrubu ya mwisho ilikuwa hapo. Ganda likilegea upande mmoja na kukataa upande wa pili, upande unaokataa ndio unaokuonyesha pa kutafuta.

Lilipoachia, alilifungua kama kitabu, kwa upana wa vidole viwili tu, akamulika ndani kwa tochi ya simu na kupiga picha. Kwenye redio hii bodi imefungwa kwenye ganda la nyuma na spika kwenye ganda la mbele, kwa hiyo nusu hizo mbili zimeungwa na nyaya, na nyaya zenyewe ni fupi. Mbili zinakwenda kwenye spika, nyingine kwenye taa, moja inapanda kwenye antena. Pembeni imelala fimbo nyeusi ya feraiti, ambayo ndiyo antena ya AM. Ni ngumu lakini ikidondoka hukatika, na nyaya zilizozungushwa juu yake ni nyembamba kupita uzi wa kushonea. Ukivuta nusu mbili kwa nguvu, nyaya hizo ndizo zinazokatika kwanza, na ndipo stesheni za AM zinapopotea. Uzi unaovuta mshale nao ukiruka kutoka kwenye gurudumu lake, kuurudisha ni kazi kubwa kuliko spika yenyewe.

Spika ilipofikiwa, fundi aliyeyusha risasi, akautoa waya mmoja na kupima kwa mita. Ilisoma omu 7 na kitu, na nyuma ya sumaku pameandikwa 8. Kwa mita, spika ni nzima. Lakini alipobonyeza karatasi ya koni polepole kwa vidole viwili, pande zote sawasawa, haikutaka kwenda. Ilikuwa imekwama.

Sababu iko kwenye muundo wake. Spika hizi hufuata mpango ambao Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric, Marekani, waliueleza mwaka 1925: koili nyepesi ya waya imeshikamana na koni, nayo huelea ndani ya mwanya mwembamba wa sumaku bila kugusa ukuta. Kwenye spika za bei nafuu sumaku imeshikwa kwa gundi tu. Redio ikianguka, sumaku husogea kidogo sana, mwanya unabanwa upande mmoja, na koili inasuguana na chuma. Mita hupima waya, haipimi mwendo. Ndiyo sababu vipimo viwili vinahitajika, cha mita na cha kidole.

Spika mbadala ilitoka kwenye redio chakavu iliyokuwa chini ya meza. Fundi hakuangalia kipenyo na omu 8 peke yake. Aliingiza njiti kupima nafasi iliyoko nyuma, kwa kuwa sumaku nene ingegonga transfoma ganda likifungwa. Spika ya omu 4 badala ya 8 nayo ingevuta kutoka sehemu ya kukuza sauti mkondo mkubwa kuliko ule iliotengenezewa, ikapata moto.

Katika kufunga skrubu za spika alifunika koni kwa kiganja. Sumaku huvuta bisibisi, na ncha yake ikiteleza hupita kwenye karatasi bila kizuizi. Kulehemu kwenyewe kulikuwa kufupi: pasi ya kulehemu iligusishwa kwenye kituo cha spika kwa sekunde mbili au tatu, kisha ikaondoka. Ukikaa sana, risasi hupanda kwenye ule waya laini uliosukwa unaokwenda kwenye koni, waya unakakamaa, na baada ya muda unakatika kwa kutikisika.

Jaribio la kwanza lilifanywa ganda likiwa wazi, kwa betri, sauti ikiwa chini. Umeme wa ukutani ulisubiri hadi skrubu ya mwisho irudi mahali pake.

Ukitaka kuifanya kazi hii mwenyewe nyumbani, chungulia kwanza waya wa umeme unaingia wapi. Ukikuta transfoma, zile hatua hapo juu zinatosha. Usipoikuta, na umeme unaingia moja kwa moja kwenye bodi ndogo, kapasita iliyoko pale inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa. Hiyo mpelekee fundi mwenye mita, na kama ilianguka, mwambie.