Mashine ya Mpima Ardhi Mkononi mwa Mchoraji

Ukianza kuzungumzia kuchora nje kwa kompyuta, jina la kwanza kutajwa ni David Hockney, na anastahili. Mzee huyo Mwingereza alianza na simu, akahamia kwenye iPad ilipotoka mwaka 2010, na mwaka 2011 akaichora Woldgate, barabara ya mashambani huko Yorkshire, tangu baridi mpaka majani yakachipua. Michoro 51 ilichapishwa mikubwa, ikatundikwa Royal Academy, London, mwaka 2012. Mwaka 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani, akachora mingine 116 huko Normandy, Ufaransa.

Naipenda kazi hiyo, hasa ya Woldgate. Kijani chake kinapiga kelele, sawa, lakini ni kelele ya mtu aliyeshangaa kweli. Ila kuna jambo ambalo sifa zote hizo zinalipita haraka: miti haiulizi maswali. Hakuna mti uliomsogelea Hockney kumuuliza, "Wewe umetumwa na nani?"

Mimi nilichora na Toughbook CF-19 niliyoazima kwa rafiki yangu mpima ardhi. Ni kompyuta ndogo ya Panasonic yenye ganda la magnesiamu. Kioo cha inchi 10.4 unakizungusha, unakilaza juu ya kibodi, na laptopu imeshageuka tableti. Ina kama kilo 2.3, kwa hiyo baada ya nusu saa mkono wa kushoto unaanza kudai mshahara. Vumbi na manyunyu haviitishi, na kioo kimetengenezwa kisomeke juani. Kusomeka, nasema, rangi ni habari nyingine. Saa saba mchana Kigogo, jua la Dar linazifua rangi zote laini, bati na anga vinakuwa ndugu. Ule mwanga wa ndani ya kioo, uliomwezesha Hockney kuchora mapambazuko akiwa kitandani bila kuwasha taa, hapa haufui dafu. Nikawa nachora mistari tu, rangi naziweka jioni nyumbani. Wala si hasara, mstari unakulazimisha uamue.

Kasheshe hasa ni kwamba mashine hii ina sura ya kazi ya serikali. Bonde la Msimbazi lina kumbukumbu zake: bomoabomoa ya Desemba 2015, X nyekundu ukutani. Sasa njoo usimame pale na kisanduku kigumu, uangalie paa, uandike kitu kwa kalamu, uangalie paa tena. Ukiwa na daftari na penseli watoto wanakuzunguka, wanaicheka pua uliyoikosea. Ukiwa na kisanduku, watoto wanaitwa ndani na watu wazima ndio wanatoka.

"Shikamoo mama," nilimwambia mama mmoja muuza samaki wa kukaanga.

"Marahaba. Mwanangu, hiyo X mnaweka lini?"

Mnaweka! Yaani nilishakuwa wengi. Maelezo hayakusaidia, maana hata wapimaji hujieleza vizuri. Kilichosaidia ni programu yenyewe. Inahifadhi kila mstari kwa mpangilio wake, na inaweza kuurudia mchoro wote tangu mwanzo. Hockney pia aliwaonyesha watazamaji wake michoro ikijichora upya kwenye skrini, na kule ni raha ya kuona mkono unavyowaza. Kigogo ilikuwa ushahidi. Mama akauona mwavuli wake unatangulia, ikaja meza, karai, miguu ya wateja, na mwishoni kabisa nyumba, mistari kama sita hivi.

"Kumbe nyumba hata hujaishughulikia," akasema. Halafu akaanza uhakiki: karai lake halijapinda hivyo, na samaki wako wapi?

Kwa hilo tu naipa mashine alama ambazo karatasi haizipati. Mchoro wa karatasi ukishakamilika unaficha ulianza na nini, na kwa watu waliowahi kuchorewa ukutani, ulichoanza nacho ndicho wanachotaka kujua.

Akaomba nakala. Karatasi ningeichana pale pale nikampa. Hii ilibidi niende steshenari kuchapisha, nirudi kesho yake. Niliporudi nilikuwa na penseli, na samaki niliwachora wote, saba.