Ufundi wa Kupiga Soga

Treni ya kawaida ya Morogoro ikishaacha Pugu, haichukui muda inasimama Soga, wilayani Kibaha. Kila nikipita hapo hufurahi, maana soga ndiyo kazi niipendayo: lile neno jepesi unalompelekea mwenzako kuhusu kitabu ulichokifunga jana, kinyago ulichokiona, au kilima kilichokusimamisha njiani.

Wengi huona ni jambo la kupitisha muda. Mimi naona ni ufundi, tena mgumu. Mhakiki ana kurasa nzima za kujieleza. Mpiga soga ana sentensi mbili tatu, na msikilizaji wake ana kazi zake nyingine. Shaaban Robert aliuweza ufundi huu: katika Kielezo cha Insha, kilichochapishwa mwaka 1954, humkaribisha msomaji kama mgeni wa barazani, wala hamcheleweshi mlangoni.

Lakini aliyenifunza kweli ni rafiki yangu wa Kisarawe. Jioni moja aliniandikia kwenye simu kuhusu mwana hiti, sanamu ndogo ya mti ya Wazaramo. Kiwiliwili chake ni kama kigogo, kichwani ana vishungi viwili vya nywele, na mikono hana. Zamani mwali aliyewekwa ndani alikabidhiwa sanamu hiyo aiogeshe, aipake mafuta, ailee kama mtoto. Rafiki yangu akaandika hivi tu: “Fundi hakumchongea mikono. Mikono ni ya mwali.”

Nilikuwa nimemtazama mwana hiti mara nyingi, nisilione hilo. Marja-Liisa Swantz, msomi wa Finland aliyeishi na Wazaramo, alichapisha mwaka 1970 kitabu kizima kuhusu mila na alama zao, nami nakiheshimu sana. Hata hivyo, ni yale maneno machache yaliyonifanya nitamani kuishika tena ile sanamu, nipime uzito wake kiganjani.

Nikataka kumlipa kwa msitu wa Pugu na Kazimzumbwi. Nikaandika “mandhari nzuri ya kupendeza”, nikafuta. Maneno hayo yangeweza kutumwa kutoka mlima wowote duniani, na mtu ambaye hakufika angeyaandika vilevile. Nikakaa, nikakumbuka nilichokiona hasa: wakati wa magharibi, kwenye mapango ya machimbo ya kaolini, popo wakianza kutoka mmoja mmoja, kisha kwa makundi, huku ukuta wa udongo mweupe ukiendelea kuonekana wakati miti yote imeshamezwa na giza. Nikaandika hivyo, bila kuongeza sifa.

Jibu lake lilikuja usiku: “Na harufu ya pangoni?”

Sikuwa nayo. Jumamosi iliyofuata nilirudi Pugu.