Cicero na Deni la Salamis

Wanafunzi wengi humjua Cicero kwa hotuba alizomshitaki Verres, liwali wa Sisilia, mwaka 70 K.K. Hotuba hizo ni kazi kubwa, wala sina nia ya kuzishusha. Ila mshitaki ana raha moja asiyokuwa nayo mtawala: dhambi anayoieleza ni ya mwingine. Atakaye kumpima Cicero mtawala, na azisome barua alizomwandikia rafikiye Atticus miaka ya 51 na 50 K.K., alipokuwa yeye mwenyewe liwali wa Cilicia.

Hakwenda huko kwa kupenda. Sheria ya Pompeius ya mwaka 52 K.K. ilimtoa Rumi, akiwa amekwisha kutangaza kitabu chake juu ya Dola. Vita alivyopigana milimani, na heshima alizoziombea kwa Cato baada yake, tuviache, havikumwongezea kitu. La maana ni kwamba alikataa zawadi, akawaondolea watu mzigo wa kuwalisha askari. Kisiwa cha Kipro, kilichokuwa katika jimbo lake, kilikuwa kimezoea kutoa talanta 200 ili askari wasiletwe kukaa humo wakati wa baridi. Cicero hakutoza hata moja.

Ndipo likaja deni. Mji wa Salamis, katika Kipro, ulikuwa umekopa fedha kwa riba ya asilimia 48 kwa mwaka, na baraza la Rumi lilikuwa limepitisha maazimio mwaka 56 K.K. ili mkopo huo uliokatazwa na sheria ukubaliwe. Mdai aliitwa Scaptius. Chini ya liwali aliyetangulia alipewa wapanda farasi, akawazingira wazee wa mji ndani ya baraza lao hata watano wakafa kwa njaa. Cicero aliwaondoa wapanda farasi hao mara moja, akaamuru hesabu ifanywe kwa asilimia 12, kama tangazo lake lilivyosema. Wenyeji wakahesabu talanta 106, wakawa tayari kulipa. Scaptius alidai karibu 200. Baadaye tu ikafunuka kwamba fedha zilikuwa za Brutus, yule yule ambaye Rumi ilimheshimu kwa uadilifu.

Hapa msomaji na atazame lugha yenyewe. Cicero aelezapo habari za wapanda farasi, sentensi zake ni fupi na imara. Hata Atticus alipomwombea Scaptius hamsini tu, alimjibu kwa ukali, akimwuliza angewezaje kukishika tena kile kitabu cha Dola ambacho Atticus mwenyewe alikisifu. Lakini afikapo kwenye malipo, mwendo wabadilika. Wenyeji walitaka kuziweka fedha hekaluni ili riba isizidi kukua. Scaptius alimwomba shauri liachwe kama lilivyo, naye Cicero akakubali, akawasihi wenyeji wasiziweke. Tangu hapo hasimulii tena, ajitetea. Amwuliza Atticus kama hakutenda vema, aonyesha jinsi Brutus alivyomwandikia kwa kiburi, arudia hesabu ambayo hakuna aliyeipinga ila mdai.

Wako wachambuzi wanaoziona barua hizi kuwa ushahidi wa unafiki. Siafiki. Mnafiki angaliificha ile sentensi ambayo Cicero ameiandika kwa mkono wake, aulizapo watu wale watapatwa na nini akija liwali mwingine. Alijua. Na kwa kuwa alijua, hukumu yangu ni nzito zaidi kuliko yao: aliiona haki, akaipigia hesabu mpaka talanta ya mwisho, kisha akaiachia njiani kwa ajili ya rafiki. Hotuba zake zote juu ya Verres hazina mahali panapotuonyesha hivyo jinsi jimbo linavyoweza kudhulumiwa na mtu mwema.

Katikati ya mwaka 50 K.K. aliondoka, akimwachia jimbo Coelius, kijana mtunza hazina, na deni likiwa halijakatwa. Mwaka 46 K.K. aliandika kitabu juu ya wasemaji wakuu wa Rumi, akakiita kwa jina la Brutus.