Okestra Ndani ya Kompyuta: Namna ya Kuipima kwa Sikio

Mtu akikusikilizisha simfoni aliyoitunga kwa kompyuta, usimuulize ametumia maktaba gani ya sauti. Jibu halitakusaidia. Maktaba hizo ni rekodi za wapigaji halisi: kila nota ya fidla, filimbi au tromboni imepigwa na binadamu mbele ya maikrofoni, kwa upole na kwa nguvu, kwa kuvuta upinde na kwa kudonoa uzi, kisha ikahifadhiwa peke yake kama sampuli. Mtunzi huziita kwa kinanda na kuzipanga. Kwa hiyo hata katika kazi mbovu, nota moja moja ni nzuri. Ubovu hukaa katikati, pale nota inapoikabidhi nyingine na pale sauti ndogo inapokua.

Sikiliza horni kwanza. Ikipulizwa kwa upole, sauti yake ni nene na laini. Mpigaji akiongeza pumzi, sauti haiwi kubwa tu. Inabadilika tabia, inakuwa kali, unaisikia shaba yenyewe. Ndiyo maana maktaba nzuri hurekodi nota ileile kwa nguvu mbalimbali, na mtunzi huvuka kutoka tabaka moja hadi jingine kwa kidhibiti cha MIDI (lugha ya mawasiliano kati ya kinanda na kompyuta), chenye ngazi 128, kuanzia 0 hadi 127. Mtunzi mvivu hubaki kwenye tabaka la upole na kuongeza volyumu. Unachopata ni horni ya upole iliyosogezwa karibu na sikio lako: ukubwa upo, nguvu haipo. Ukishaijua kasoro hii utaikuta kila mahali, hadi kwenye muziki wa matangazo ya televisheni.

Ya pili ni muungano wa nota. Aliyekulia kwenye taarab ya Unguja, ile ya kikundi cha Ikhwani Safaa yenye fidla nyingi, ana sikio tayari kwa jambo hili. Anajua kidole kinavyoteleza juu ya uzi, na kwamba kati ya nota mbili kuna safari. Taarab ya kisasa ilipokabidhi kinanda kazi ya fidla, safari hiyo ndiyo iliyopotea kwanza. Watengenezaji wa maktaba walilijua tatizo. Herb Tucmandl, mpiga selo aliyeanzisha Vienna Symphonic Library, aliwarekodisha wapigaji hatua zenyewe za kutoka nota hadi nota, si nota pekee. Lakini sampuli za namna hii huchelewa kidogo kufunguka, na mtunzi asiyezitanguliza kidogo mbele ya mdundo huonekana kama ana okestra yenye usingizi. Vilevile ukisikia kila nota imeanza sawasawa na mdundo, bila hata moja kuwahi au kuchelewa, jua mtunzi ameiachia kompyuta izinyooshe.

Nota zinazorudiwa zina kipimo chake, nacho ni Boléro ya Ravel, ya mwaka 1928. Ngoma ndogo hurudia mdundo uleule kwa takriban dakika 15, ikipanda kutoka mnong'ono hadi kishindo. Mpigaji halisi hawezi kupiga mapigo mawili yanayofanana kabisa hata akitaka. Kompyuta inaweza, na matokeo yake ni cherehani. Maktaba makini huwa na rekodi kadhaa za pigo moja zinazopokezana zamu. Jaribu kuitafuta Boléro iliyotengenezwa kwa sampuli, isikilize ngoma tu, na dakika mbili zinatosha kutoa hukumu.

Kasoro nyingine hazitokani na kompyuta bali na mtunzi asiyeijua okestra. Sampuli ya kundi la fidla 16 ikipigwa nota tatu kwa mkupuo huleta fidla 48, na okestra inavimba ghafla bila sababu. Mwenye kujua huligawa kundi. Filimbi kwenye nota zake za chini kabisa ina sauti hafifu, nayo ikisikika wazi juu ya tromboni tatu zinazonguruma, kuna mtu amecheza na vidhibiti. Obo inayoimba dakika kadhaa bila kuvuta pumzi haina mapafu. Kinubi kina pedali saba za kubadilishia nyuzi, kwa hiyo mfululizo wa kasi wa nusu-toni unampita mpigaji uwezo. Wapo wanaosema kompyuta haifungwi na sheria hizi. Kweli, haifungwi, na muziki unaokusudia kuwa wa mashine usiupime hivi. Ila anayedai okestra adaiwe okestra.

Ukumbi nao husema. Sampuli za kwanza za Vienna Symphonic Library zilirekodiwa katika studio iliyofyonzwa mwangwi makusudi; za kampuni ya Spitfire Audio nyingi zimerekodiwa Lyndhurst Hall, London, jengo lililokuwa kanisa, na mwangwi wake umo ndani ya kila nota. Ukizichanganya bila kazi ya ziada, fidla zinakaa sebuleni na tarumbeta zinakaa kanisani. Pa kulisikia hili ni pale muziki unapokatika ghafla: mikia ya sauti inatakiwa ife pamoja.

Tahadhari yangu ya mwisho ni ngoma kubwa zile za kifilamu. Zinasisimua, na chini yake kasoro zote nilizozitaja hujificha. Kama unataka kumwagiza mtunzi kazi, mwombe azizime na akupigie dakika moja ya fidla na obo peke yake, taratibu, kwa sauti ndogo. Ikisimama hiyo, mlipe bila kubishana bei.