Kombe la lita, hori la pumba

Pumba zile zilipomiminwa horini jioni ya siku ya kwanza, kwangu mimi shindano la kukamua la kata ya Ndama, hapa Karagwe, lilikuwa limeshaharibika. Kombe mmeliona lilikokwenda, na yule chotara wa Friziani ni ng'ombe hasa: mgongo umenyooka, kiwele kimeshikwa vizuri nyuma, chuchu zimepangika. Yeye sina neno naye. Neno ninalo na mkono uliomwondolea matete usiku wa kuamkia mkamuo wa mwisho.

Mchana kutwa alikuwa amelishwa kama anavyolishwa kwao. Matete, jani la Guatemala kidogo, halafu pumba na mashudu ya pamba wakati wa kukamuliwa. Alikuwa anaongoza. Anayeongoza anabadilisha nini? Lakini mwenye ng'ombe aliona chotara wa Jersey wa banda la tatu anamkaribia, akaingiwa na hofu, akayazoa majani yote na kujaza pumba za mahindi tupu, ndoo juu ya ndoo. Na watu wakampigia makofi! Asubuhi maziwa yakaongezeka kidogo, kombe likachukuliwa.

Wengi mlikuwa mbele mnapiga picha. Nyuma ya banda kinyesi kilikuwa kama uji, rangi ya kijivu, kimejaa mapovu, na chenga za mahindi zinaonekana wazi kama zilivyoingia. Ng'ombe amelala, taya limetulia. Jirani zake wote walikuwa wanacheua.

Hapo ndipo kosa lilipo. Ng'ombe aliyeshiba majani hucheua saa sita mpaka tisa kwa siku, na katika kutafuna huko humeza mate zaidi ya lita 100, mate yenye magadi yanayopunguza ukali wa asidi katika tumbo la kwanza. Kinachomtafunisha ni majani marefu yenye nyuzi. Pumba hazimtafunishi. Zinateremka upesi, zinachachuka upesi, asidi inapanda wakati mate yanapungua, na bakteria wanaosaga nyuzinyuzi wanaanza kufa. Mafuta ya maziwa hushuka kwanza. Kwato huja kuuma baadaye, wakati kombe limeshawekwa kabatini. Umbo lenyewe lingetosha kumwonya mwenye ng'ombe. Mbweha anayelia usiku huko Burigi ana magego makali ya kukatia nyama, tumbo moja na utumbo mfupi. Anameza vipande bila kutafuna sana na hapati shida. Ng'ombe hana hata meno ya mbele ya juu, ila ana magego mapana ya kusagia na matumbo manne. Ukiliangalia umbo hilo unajua linataka kulishwa nini.

Sasa nirudi kwenye wimbo wangu wa zamani, mnisamehe. Ng'ombe wa kilo 400 anayetoa lita 5 kwa siku, karibu theluthi mbili ya nishati anayokula huishia kumweka hai tu. Akifika lita 10, sehemu hiyo hushuka hadi karibu nusu. Ndiyo maana lita peke yake haisemi kitu mpaka ujue mnyama ana uzito gani na amekula nini. Yule wa Jersey ni mdogo, anajigharimia kidogo, na alilishwa matete yaliyokatwa yakiwa kiunoni pamoja na desmodiamu, jani la jamii ya kunde. Kwangu mimi ndiye aliyeshinda. Waamuzi hawakuwapima uzito, wala hawakupima kilichoingia horini.



Zamani mambo hayakuwa hivi. Enzi za KALIDEP, ule mradi wa kuendeleza mifugo Kagera, mitamba ikitoka shamba la Kikulula, hukupewa mnyama kabla hujajenga banda na kupanda majani. Ulikaguliwa shamba la malisho kwanza, kisha ndipo ukapata mtamba, na baadaye ukarudisha mtamba kwa mwenzako. Mabwana mifugo wale walikuwa wakali, lakini walijua kwamba lita huanzia shambani. Siku hizi mtu ananunua chotara kwanza, halafu anazunguka na baiskeli kutafuta matete ya kando ya barabara yaliyokwisha kutoa maua, magumu kama ufito. Akiyakosa anakata mgomba. Kilo kumi za matete mabichi zikikauka hubaki kilo mbili au pungufu. Kilo kumi za shina la mgomba haibaki hata kilo moja. Na kwa mnyauko wa migomba tulionao Kagera, bado kuna watu wanabeba migomba, na ugonjwa ndani yake, kutoka kibanja hadi kibanja.

Karagwe, kwa kweli, kupima nusu si jambo geni. Mpelelezi Mwingereza Speke alipokaa kwa Mkama Rumanyika, 1861 kuingia 1862, alishangazwa na wanawake wa ikulu walionenepeshwa kwa maziwa, akatoa utepe akampima shemeji wa mfalme mkono, kifua na paja. Vipimo vyote akaandika. Maziwa aliyokuwa akinywa yule mama kwa siku hakuyapima. Waamuzi wetu wamefanya vilevile, sema wao wamepima maziwa wakaacha chakula.

Mwakani wasiniambie kwamba vifaa hakuna. Utepe wa kifua wa kukadiria uzito upo kwa bwana mifugo yeyote. Majani na pumba vinapimika kwa mizani ya kahawa, ile ya chama cha msingi, ambayo msimu ukiisha inakaa stoo. Pima kinachoingia horini, pima kinachobaki asubuhi, toa, kadiria kingebaki kilo ngapi kikikauka, kisha gawanya lita kwa kilo hizo kavu. Na anayebadilisha chakula katikati ya shindano, lita zake za mkamuo unaofuata zisihesabiwe.