Sentimita 49 za Kufikia Angani: Antena ya VHF Kutoka Hadiwea ya Wang'uru

Imepanda juu ya paa majuzi tu, na tayari natamani kila mwenye redio ya mkono hapa Mwea aijenge! Ile eriali fupi ya mpira inayouzwa na redio, ing'oe na uiweke kabatini. Nilipobadilisha, stesheni niliyokuwa nikiisikia kama mnong'ono ndani ya mvumo ilinijia safi, kila neno mahali pake. Redio ni ileile, betri ni ileile.

Na antena yenyewe ni vijiti vitano. Vitano tu! Kimoja kimesimama wima, vinne vimeteremka pembeni kwa nyuzi 45, vyote vimeshikwa na konekta moja ya SO-239, ile ya mraba yenye tundu kwenye kila pembe, utadhani aliyeibuni alijua tutakuja na vijiti vinne. Nimetumia vijiti vya kuchomelea vya shaba ya manjano. Mlingoti ni bomba la plastiki la maji. Vyote vimetoka madukani hapahapa mjini, kando ya barabara ya Embu.

Hesabu yake ni tamu. Wimbi la megahezi 145, katikati ya bendi ya redio ya ridhaa ya 144 hadi 146, lina urefu wa takriban mita 2.07. Gawanya kwa nne, punguza kama asilimia tano, unapata sentimita 49 za kile cha wima. Vya chini viache na 52. Vikilala sawasawa, ukinzani wa antena ni kama omu 36. Ukiviinamisha hupanda hadi karibu 50, na 50 ndizo redio inazozitaka. Yaani unairekebisha kwa vidole! Nilipoiunganisha na NanoVNA, kile kifaa kidogo cha kupimia antena, mstari kwenye kioo chake ulizama palepale kwenye 145.

Pesa yako iweke kwenye kebo. Mita kumi za RG-58 nyembamba hula takriban theluthi moja ya nguvu kabla haijafika juu. RG-213 nene hula nusu ya hasara hiyo. Mimi ningejinyima redio ya bei kubwa ninunue kebo nzuri.

Mahali petu napo pamebarikiwa. Mashamba ya mpunga yametandaa bapa, na VHF hupenda njia isiyo na kizuizi. Kaskazini ni habari nyingine: Mlima Kenya, mita 5,199, umekaa hapo na hausogei kwa ajili ya mtu.

Lakini juu! Kituo cha Kimataifa cha Anga kinapita takriban kilomita 400 juu yetu, na kwenye 145.825 hutuma vifurushi vya data kwa mikwaruzo mifupi. Nilikisikia. Kwa vijiti vya kuchomelea, nilikisikia! Kilipokuwa pembeni mwa anga mlio ulikuwa na nguvu. Kilipofika utosini ulififia, kwa sababu antena ya wima haioni vizuri moja kwa moja juu yake, kisha ukarudi kilipoteremka upande wa pili. Kituo hichohicho ndicho kilichoachilia 1KUNS-PF, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Mei 2018. Hebu fikiria hilo ukiwa juu ya paa la mabati Wang'uru.

Kurusha sauti kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na alama ya wito inayoanza na 5Z4. Iombe mapema, usikae ukisikiliza wenzako tu.

Inayofuata ni antena ya Yagi ya elementi tatu ya Joe Leggio, WB2HOL, inayotengenezwa kwa futi ya chuma iliyokatwa vipande na kufungwa kwenye bomba la plastiki. Hiyo unaishika mkononi na kukifuata kituo kinavyopita angani. Futi nimeshainunua, Jumamosi naikata.